Anayemsuka Mamba Muntu

Ile sanamu ya mamba muntu niliitengeneza mimi. Nasema mapema, kwa sababu mji huu wa Kisangani umeshaizungumza vya kutosha bila kuniuliza mwenyewe. Naitwa Déborah. Nafanya sanamu za saruji nyumbani kwetu Mangobo, na kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na sita. Nimetengeneza Bikira Maria kumi na moja wa parokia mbalimbali, simba wanne wa malango ya matajiri, na chui mmoja ambaye mteja alisema anafanana na paka. Neno hilo sijalisahau na mteja yule sijamsamehe. Mamba muntu ndio siwezi kuwahesabu. Kila baa inayojiheshimu inataka wa kwake: mwanamke wa majini, juu mtu, chini samaki, saa mkononi, kitana, kioo, nyoka shingoni. Watu wanamwogopa na wanamtaka kwa wakati mmoja.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Faustin, Mungu amlaze pema. Alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata kwa mteja mkubwa: mamba muntu haonwi na mtu kabla hajafunguliwa macho. Macho yanachongwa mwisho kabisa, mahali penyewe atakapokaa, na mpaka siku hiyo anafunikwa magunia. Papa Faustin alidai kwamba mamba muntu kipofu akitazamwa anakasirika. Mimi nadhani alichoka na wateja wanaoona kazi nusu na kuanza kutoa maoni. Kwa vyovyote sheria hiyo nimeishika, na bila hiyo nisingeweza kufanya nilichofanya.

Naishi na Claudine. Anauza samaki wa moshi soko kuu, samaki wanaopanda na mitumbwi kutoka Isangi na Yanonge. Yeye ni wa Yanonge, watu wa mto tangu babu wa babu. Mimi wazazi wangu walitoka Kindu. Tumeishi pamoja miaka tisa, chumba kimoja, kitanda kimoja. Ni mpenzi wangu. Neno hilo naliandika hapa wazi, maana kwa miaka tisa sikulisema mbele ya mtu yeyote.

Siku tuliyokuja kupanga, mwenye kiwanja aliuliza huyu ni nani. Nikajibu haraka, hata pumzi sikuvuta, kwamba ni dada yangu. Hatufanani hata kidogo. Mimi ni mrefu na shingo ndefu, masikio yamesimama. Yeye ni mfupi, mpana wa mabega kwa kubeba vikapu. Lakini mtu akipewa jibu la kumtuliza haangalii sana, na mwenye kiwanja alitulia. Kuanzia hapo mtaa mzima ukatuita madada. Jirani yetu Tonton Assumani, anayetengeneza baiskeli za toleka, zile za kubebea abiria, pembeni ya lango letu, kila asubuhi aliniuliza swali moja tu: "Dada yako iko?" Na mimi nikajibu iko. Ilinichukua miaka mingi kugundua kwamba Claudine mwenyewe hajawahi kuniita dada. Hata siku moja.

Mwaka jana, mvua zilipokaribia kwisha, Papa Hugues alinijia. Ana terasi kubwa kando ya mto, watu wanakunywa bia na kula samaki huku wakitazama mitumbwi. Alinionyesha picha kwenye simu. Alitaka mamba muntu mkubwa kuliko wote mjini, na mbele yake mwanaume amepiga magoti, koti na tai, anapokea kitana, kile ambacho watu wanasema mwanaume akikipata anatajirika. "Ule mwanaume asikuwe na tumbo," aliongeza, huku akivuta la kwake ndani. Nilijua mwanaume gani anatakiwa pale. Kesho yake alileta saruji na vyuma, nami nikasema sawa.

Jumapili iliyofuata Claudine alikuwa ananisuka mlangoni, kama kila Jumapili. Mchoro wa sanamu ya Papa Hugues ulikuwa magotini pangu. Akautazama kwa juu ya bega langu, akacheka, akaniuliza: mamba muntu huyu, kisogo chake kinasukwa na nani? Sikuelewa. Ndipo akanisimulia alichosimuliwa na bibi yake Yanonge, wakati bibi anawasuka wajukuu wa kike, wanaume wakiwa mbali.

Wavuvi, alisema bibi, wanamwona mamba muntu amekaa juu ya jiwe anajichana, wanarudi kijijini wanasema yuko peke yake. Ni watu wa kutazama haraka. Wangeangalia nywele zake wangeona zimesukwa mistari mizuri mpaka shingoni, na hakuna mtu anayeweza kujisuka kisogo. Yupo mwingine. Yuko nyuma yake, maji yamemfika kiunoni, ndiye anayesuka. Ni mwanamke kama yeye. Walichukuana, wakafanya nyumba moja, kabla kijiji chochote hakijajengwa ukingo ule, na kitana ni cha wote wawili. Mtu anayekiiba hapati mke wala hapati bahati. Anavunja nyumba ya watu, ndiyo maana utajiri wake unaisha vibaya.

Sijui kama kuna mwingine Yanonge anayesimulia hivyo. Claudine naye hajui. Labda bibi aliitunga mwenyewe, na kama aliitunga alijua kazi yake. Nilikaa pale nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, nikauchana ule mchoro wa mwanaume mwenye koti.

Nilifanya kazi wiki saba. Nilikunja vyuma, nikazungushia waya wa matundu ya kuku, nikachekecha mchanga wa mto mara tatu ili usibaki na kokoto, nikapaka saruji safu kwa safu. Claudine akirudi sokoni alisimama nyuma ya kigoda changu, mikono hewani, vidole vimekunjwa kama anavyovikunja kichwani pangu, na hakulalamika ingawa amesimama tangu alfajiri. Mkono wake wa kulia una kovu refu la moto, kutoka kwenye chanja la kukaushia samaki. Nikaliweka na lenyewe kwenye saruji. Yule wa mbele, anayekaa na kusukwa, nilimpa shingo yangu na masikio yangu. Sikuwa na kioo kikubwa, nikajitazama kwenye simu. Mkia wa samaki nilimpa kila mmoja wake, ila ncha zinakutana chini ya jiwe.

Asubuhi na jioni nililowesha magunia ili saruji isipasuke, na kila gunia nililomwagia maji nilikuwa nawaza nyundo ya mtu wa kuja kuivunja. Sitajifanya shujaa. Nchini kwetu polisi hawana kifungu cha kukukamatia kwa sababu ya unayempenda, lakini mtaa hauhitaji kifungu. Niliogopa mtu mmoja mlevi na chuma kimoja. Hata hivyo niliendelea. Nilitaka sisi wawili tuwepo mahali, mchana, mbele ya watu, kama tulivyo.

Jumamosi ya kuipeleka nilikodi mkokoteni mkubwa na vijana sita wa kusukuma. Tulifika kwenye shimo moja kubwa karibu na soko, gurudumu likadumbukia, gunia likachanika. Mmoja wa vijana akachungulia. Aliona vichwa viwili na matiti manne, akapiga kelele: "Mapasa!" Mapasa ni mapacha. Mwingine akaanza wimbo wa mapasa, wa tatu akaitikia, wanawake wa sokoni wakaacha meza zao wakaja kucheza nyuma ya mkokoteni. Mpaka tunafika mtoni tulikuwa na msafara.

Kwetu mapasa si watoto wawili tu. Wanakuja na nguvu zao, na mama yao anaheshimiwa hata na wazee. Ukimpa mmoja zawadi unampa na mwingine, ukimwimbia mmoja unamwimbia na mwingine, vinginevyo aliyenyimwa anaondoka na bahati ya nyumba. Mtu anayewadhuru mapasa, watu wanasema, ukoo wake unakwisha. Habari zilimfikia Papa Hugues kabla yetu. Nilimkuta amesimama langoni, uso wote meno. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali kuhusu mwanaume wa koti, na yeye alikuwa amemsahau kabisa.

"Déborah, umefanya akili," aliniambia. "Mapasa ya mamba muntu. Nani atagusa mapasa? Hata mulevi hatagusa."

Akanieleza mipango yake pale pale. Terasi itabadilishwa jina. Kesho, baada ya misa, atamwita dada yake mkubwa, Mama Marthe, aliyezaa mapasa mara mbili, aje kubariki. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Mimi nilinyamaza, na ndani ya kunyamaza huko nilifurahi. Ile nyundo niliyoiwaza wiki saba ilikuwa imepotea, na mimi sikusema hata neno moja la uongo.

Nilirudi nyumbani nikicheka, nikamsimulia Claudine yote. Alikuwa anapanga samaki kwenye kikapu, wakubwa chini, wadogo juu. Hakucheka.

"Na weye ulisema nini?" aliniuliza.

Nikamwambia sikusema kitu, sikuulizwa kitu. Aliweka samaki mmoja, akachukua mwingine, akamgeuza.

"Miaka kenda niko dada yako," alisema. "Sasa mu ciment pia nikuwe dada yako?"

Nilikasirika. Mimi nikikosea ndipo ninapokasirika vizuri. Nikamweleza kwa sauti kubwa kwamba sanamu ya saruji inakaa miaka hamsini, kwamba jina la mapasa litailinda kuliko askari yeyote, kwamba tutakuwa tumekufa sisi na yenyewe itakuwa imesimama pale mtoni, na wanaojua watajua. Alinisubiri nimalize. Claudine anajua kusubiri, ni kazi ya watu wanaouza samaki.

"Benye kujua tuko babili tu," alisema, "na tulishajua." Kisha akaongeza, polepole, bila hasira: "Hii neno ya dada, weye njo uliileta. Mi siisemaka. Weye njo utaiondosha."

Akafunika kikapu, akaenda kuoga. Nilikaa juu ya lundo la mchanga uani mpaka hasira ikaniisha, na chini yake nikakuta aibu. Niliona aibu kwamba nimemchonga mwanamke huyu wiki saba, kovu lake, mabega yake, vidole vyake, halafu mtu wa kwanza kumpa jina lisilo lake nikamwachia.

Jumapili asubuhi nilikwenda peke yangu kufungua macho. Yule anayekaa nilimfanya atazame mto. Yule wa nyuma nilimfanya atazame nywele zilizo mikononi mwake, kwa sababu ukisuka unatazama unachosuka. Kwenye jiwe nilikuwa nimeacha sehemu laini ya kuandika jina la sanamu. Papa Hugues alinituma niandike MAPASA. Nikamwambia nitaandika baada ya sherehe, nami nilikuwa bado sijui nitaandika nini.

Saa tisa mchana terasi ilijaa. Claudine alikuja amevaa kitenge cha kijani, akasimama mstari wa mbele. Sikumwomba aje mbele. Mama Marthe aliingia na majani shingoni, sahani ya udongo mweupe mkononi, na wanawake watano nyuma yake. Mama wa mapasa ana ruhusa ya kuimba mambo ambayo mwingine akiimba atafukuzwa, na Mama Marthe aliitumia ruhusa hiyo yote. Alianza na tumbo la kaka yake, akashuka chini ya tumbo, akafika mahali ambapo katekista mmoja alitazama mto kwa muda mrefu. Watu walicheka mpaka wakashikana. Na mimi nilicheka.

Kisha akanyamazisha wimbo. Alichovya kidole gumba kwenye udongo, akampaka anayekaa mstari mmoja mweupe kwenye paji la uso. Alikuwa anapaka uso wangu bila kujua. Akachovya tena, akainua kidole kwa yule wa pili, akasita.

"Nani alitangulia kutoka?" aliuliza.

Ndivyo inavyofanywa. Wa kwanza ana jina lake, anayefuata ana lake, na hawabarikiwi bila kujulikana. Aliwatazama watu, akaona hakuna anayejua, akanigeukia mimi. "Weye njo mama yao," aliniambia. "Sema."

Ilikuwa neno moja tu. Huyu. Ningenyoosha kidole na wimbo ungeendelea, bia ingefunguliwa, sanamu ingekaa miaka hamsini. Lilikuwa tayari mdomoni, jepesi kama lile nililompa mwenye kiwanja. Nikalitambua. Nilimtazama Claudine, hakunikonyeza, hakuniomba, alikuwa amesimama tu anasubiri nimalize kazi.

"Mama Marthe, haiko mapasa," nilisema. "Ni batu babili benye kupendana. Huyu uko umepaka ni mie. Ule wa nyuma ni Claudine, yeye huyu hapa. Tunaishi naye miaka kenda. Haiko dada yangu. Ni mupenzi yangu."

Sauti ilitoka imekwaruza, lakini ilitoka yote. Papa Hugues aliniuliza nimesema nini, nadhani alitaka kunipa nafasi ya kusema kitu kingine. Nikarudia, na mara ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake. Mtu akacheka vibaya, mwingine akatukana, kwa Kilingala, tusi ambalo sitaliandika. Mwanaume mmoja mnene aliyekuwa karibu na ukuta akachukua kipande cha chuma kilichobaki kwenye ujenzi, akaanza kuja. Alisema vitu kama hivi vinavunjwa. Papa Hugues alimwona, akaangalia viatu vyake mwenyewe.

Nilikwenda kusimama mbele ya sanamu. Claudine alikuwa ameshafika pale kabla yangu. Alinishika mkono mbele ya watu wote, na mkono wake ulinuka moshi wa samaki kama siku zote.

Mama Marthe hakuwa ameondoka mahali pake. Kidole gumba kilikuwa bado hewani, udongo unaanza kukauka juu yake. Alitazama uso wa saruji wenye mstari, akatazama uso usio na mstari. Akatazama kovu kwenye mkono wa sanamu, halafu mkono wa Claudine, akakaa hapo kidogo.

"Ngoja kwanza," alimwambia yule wa chuma. "Sijamaliza."

Akawageukia watu. Uso wake ulikuwa umekunjamana, na hakuwa anafurahi hata kidogo.

"Nilishaanza na moja," alisema. "Beko babili, unapaka moja, unaacha ingine? Mulishaona wapi?"

Akachovya tena, akampaka yule wa pili mstari kwenye paji, mrefu sawa na wa kwanza. Aliuangalia, akaongeza kidogo upande wa kushoto ulipopungua. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba mambo yangu hayaelewi na hatajifanya anayaelewa, lakini yeye katika maisha yake hajawahi kuacha kazi nusu. Na kaka yake akaambiwa kwa sauti ya juu kwamba kitu alichokipaka yeye hakiguswi na chuma. Akakusanya majani yake, akaondoka na wanawake wake bila kuimba. Mwanaume mnene alibaki na chuma chake mkononi, hajui akiweke wapi.

Papa Hugues si mtu mbaya. Ana wateja, na wateja wana midomo. Alisubiri watu wapungue, akaniambia bila kunitazama kwamba sanamu itoke kabla ya Jumanne. Nikamwambia itatoka kesho. Nilikwenda kuwatafuta wale vijana sita wa mkokoteni, watano wakakataa. Wa sita alikuwa yule aliyepiga kelele ya mapasa. Alikuja na shemeji zake watatu, akasema yeye ndiye aliyeianzisha kelele, hivyo atusaidie kuimaliza. Mji mzima tuliupita mchana, bila gunia hata moja. Nilikuwa nimekataa gunia.

Sasa wamekaa mbele ya lango letu, wanatazama barabara badala ya mto. Kwenye ile sehemu laini nimeandika DÉBORAH NA CLAUDINE, herufi za kuchonga, za kina, zisizofutika kwa maji wala kwa kucha. Parokia moja imeirudisha kwangu sanamu ya Bikira Maria waliyokuwa wameiagiza, wamesema wataangalia mwakani. Mwenye kiwanja anasema anafikiri. Mwache afikiri, nimemlipa mpaka Juni. Claudine alipoteza wateja watatu sokoni, mmoja akarudi kwa sababu samaki wa mwingine walikuwa na mchanga.

Wiki ya kwanza mtu alitupa jiwe usiku, likavunja sikio la anayekaa, yaani langu. Asubuhi nilikoroga saruji kwenye kikombe nikalijenga upya. Limekuwa zuri kuliko la kwanza. Wakilivunja tena nitalijenga tena. Mchanga ninao, mto uko pale pale, na mimi sina haraka.

Kilichoniuma ni Tonton Assumani. Siku tano aligeuza kigoda chake, akakaa akiipa sanamu mgongo, nami akinipa pia. Alitengeneza minyororo na matairi bila kunisalimia. Miaka tisa tumepeana moto wa kupikia na dawa za malaria. Nilijiambia sitaitafuta salamu yake. Niliitafuta kila asubuhi, kwa pembe ya jicho, na kila asubuhi nilijichukia kwa kuitafuta.

Siku ya sita nilikuwa nalowesha lile sikio jipya kwa kitambaa. Yeye alikuwa anajaza upepo tairi la nyuma la toleka, ameinama, kichwa hakikuinuka.

"Dada..." alisema, akaacha. Akapiga pampu mara mbili, tatu. Akabonyeza tairi kwa kidole kuona kama limejaa.

"Claudine yako iko?" aliuliza.

"Iko, Tonton," nilimjibu. "Anavaa, anakuya."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na tairi la mbele. Nami nikarudi kwenye sikio langu, maana saruji changa haitakiwi kukauka.